Askari Ndani ya Paketi ya Sigara: Mwongozo wa Kadi za Kale kwa Wasomaji wa Kasulu na Kibondo

Kadi ya sigara ni kipande cha karatasi ngumu chenye urefu wa milimita 67 hivi na upana wa milimita 36. Mbele kina picha, nyuma kina maelezo mafupi na jina la kampuni ya tumbaku. Ilianza Marekani katika miaka ya 1870, ikavuka bahari hadi Uingereza katika miaka ya 1880. Wakati huo sigara ziliuzwa katika paketi laini za karatasi, na kadi ilitiwa ndani ili paketi isipondeke mfukoni. Wenye kampuni wakaona kuiacha tupu ni hasara. Wakachapa tangazo, kisha picha, halafu mfululizo wa picha zenye namba, ili aliyepata namba 7 anunue paketi nyingine akiitafuta namba 8.

Walijaribu picha za kila aina: meli, ndege, maua, wacheza mpira, waigizaji. Askari hakukosekana tangu mwanzo hadi mwisho. Makala haya yanaeleza askari huyo aliingiaje humo, namna ya kuitambua kadi yake, namna ya kuitunza, na namna ya kujikinga na watakaokudanganya kuhusu thamani yake.

Watu wa Kasulu na Kibondo wana sababu za kulijali jambo hili. Kwanza, wilaya hizi zinalima tumbaku, na mkulima anayekesha akichochea moto wa bani ana haki ya kujua jani hilo liliuzwaje duniani kwa miaka mingi. Pili, nchi ya Buha, zilimo wilaya hizi, imepitiwa na majeshi, na baadaye watu wake wakaitwa kuwa askari na wapagazi wa vita vya wengine. Tatu, katika nyumba za wazee yapo bado masanduku ya bati yenye karatasi ambazo wajukuu hawajui ni nini. Sanduku la namna hiyo likifunguliwa, uamuzi wa nini kitunzwe na nini kitupwe hufanywa kwa dakika chache, mara nyingi na mtu asiye na habari.

Askari aliingiaje kwenye paketi

Kampuni ya Allen & Ginter ya Richmond, Virginia, ilitoa mwaka 1887 mfululizo wa kadi 50 za silaha za mataifa mbalimbali. Waingereza wakafuata. W.D. & H.O. Wills ya Bristol ilikuwa na mfululizo wa askari na mabaharia mwaka 1894. Vita vya Makaburu vilipoanza Afrika Kusini mwaka 1899, kampuni ya Ogden's iliingiza picha halisi za kamera, zikiwemo za majenerali na vikosi vya vita hivyo, katika sigara zake za Guinea Gold. Mwaka 1912 John Player & Sons ya Nottingham ilitoa kadi 50 za sare za vikosi vya Uingereza.

Sababu ya kibiashara haikuwa na siri. Wavutaji wengi walikuwa wanaume, na sare yenye vifungo vya shaba ilivutia jicho. Lakini kadi ziliishia mikononi mwa watoto. Katika miji ya Uingereza watoto walisimama nje ya maduka wakiwaomba wanaume wanaotoka wawape kadi zao. Mtoto akawa ndiye anayemsukuma baba anunue chapa fulani ya sigara ili mfululizo ukamilike. Naliona jambo hilo kuwa zito kuliko uzuri wote wa picha zenyewe: tumbaku ilifundishwa nyumbani kupitia mtoto, na vita vikafundishwa pamoja nayo, vikiwa safi, bila damu wala tope.

Vita Kuu ya Kwanza iliifanya kadi kuwa karibu chombo cha serikali. Gallaher ya Belfast ilitoa kadi 200 za vita hivyo, na nyingine 200 za mashujaa waliopata nishani ya Victoria Cross. Wills ilitoa kadi 50 za magari ya kijeshi mwaka 1916, na baadhi zilichapwa maneno ya kuonyesha kwamba zimepitishwa na wakaguzi wa habari. Wills hiyohiyo iliandaa mwaka 1915 kadi 50 za kuadhimisha miaka 100 ya vita vya Waterloo, kisha ikazizuia zisitoke. Katika vita vile Waingereza waliwashinda Wafaransa, na sasa Wafaransa walikuwa wanapigana upande wao, isingefaa kuwaudhi. Mwaka 1917 kadi zilisimamishwa kwa uhaba wa karatasi. Zilirudi mwaka 1922, zikashamiri miaka ya 1930, na zikakoma tena mwaka 1940 kwa sababu ileile.

Wajerumani nao walikuwa na zao. Mwaka 1936 shirika la picha za sigara la Cigaretten-Bilderdienst la Dresden lilitoa albamu iitwayo Deutsche Kolonien, kuhusu makoloni ambayo Ujerumani ilikwisha kunyang'anywa baada ya vita, Afrika Mashariki ya Kijerumani ikiwemo. Mvutaji alikusanya picha akazibandika kwenye albamu yenye maandishi tayari. Hiyo ilikuwa miaka mitatu baada ya Hitler kushika madaraka, na mwaka huohuo ilitoka albamu nyingine kuhusu jeshi jipya la Ujerumani. Ukikutana na picha ya rangi ya askari Mwafrika chini ya bendera ya Mjerumani, angalia kwanza kama ni ya enzi ya ukoloni wenyewe au ni ya 1936, ilipochapwa ili vijana wa Kijerumani wayatamani makoloni waliyoyapoteza wazazi wao.

Vita vilivyopita Buha, na picha zilizovikwepa

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwezi Agosti mwaka huohuo vita vikaanza. Ziwa Tanganyika likawa uwanja wa mapigano. Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa njia ya nchi kavu kupitia Kongo, na siku moja baada ya Krismasi ya 1915 wakaiteka meli ya Wajerumani, Kingani. Mwezi Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao kubwa, Graf von Götzen, isije ikaangukia mikononi mwa adui. Ndiyo hiyo iliyoibuliwa baadaye ikaitwa Liemba.

Wakati huo jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, likiongozwa na Jenerali Charles Tombeur, lilikuwa limekwisha kuingia Rwanda na Burundi. Kikosi chake cha kusini, chini ya Luteni Kanali Olsen, kilitoka Burundi na kuifikia Kigoma mwishoni mwa Julai. Tabora ilianguka tarehe 19 Septemba 1916. Wabelgiji walikaa Kigoma hadi 1921. Kwa hiyo karatasi ya kale ya Kifaransa yenye muhuri, ikikutwa katika nyumba ya Kasulu, Manyovu au Mabamba, isitupwe kwa kudhaniwa imepotea njia kutoka ng'ambo ya mpaka. Kwa miaka mitano Mbelgiji alikuwa mtawala wa upande huu.

Majeshi yale yalitembea kwa miguu, na mizigo yao ilitembea vichwani mwa watu. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari. Walikufa zaidi kwa kuhara, kwa homa, kwa njaa na kwa uchovu kuliko kwa risasi. Upande wa Waingereza peke yake vifo vya wapagazi vilivyoandikwa vinazidi 40,000, na waliokufa bila kuandikwa ni wengi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Sasa chukua kadi za Gallaher za mashujaa wa Victoria Cross ulinganishe. Katika vita vya Afrika Mashariki, miongoni mwa waliopewa nishani hiyo ni Wilbur Dartnell kwa mapigano ya Maktau, William Bloomfield kwa mapigano ya Mlali, na Frederick Booth kwa mapigano ya upande wa Songea. Wote ni Wazungu. Hata katika vita vya pili, nishani iliyopatikana ndani ya kikosi cha kwanza cha 6 KAR (King's African Rifles, yaani keya), kikosi chenye asili ya Tanganyika, ilikwenda kwa Sajini Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, kwa ushujaa wake dhidi ya vifaru vya Waitalia huko Ethiopia mwezi Mei 1941. Sipunguzi ushujaa wa yeyote kati yao. Nasema tu kwamba mfululizo wa picha uliojengwa juu ya nishani hiyo usingeweza kumwonyesha askari wa keya, seuze mpagazi aliyebeba sanduku la risasi kutoka mto hadi mto. Mtu asiyepewa nishani hakupewa kadi.

Mwafrika alipochorwa, mara nyingi alichorwa kama sare. John Player & Sons ilitoa mwaka 1938 kadi 50 za sare za majeshi ya Dola ya Uingereza ya ng'ambo, na hapo ndipo pa kuanzia ukitaka kuona askari wa makoloni walivyowekwa mbele ya mvutaji wa Uingereza. Kofia, mkanda, rangi ya kaptula, vyote vimechorwa kwa uangalifu. Jina la mtu hutalikuta. Mwaka mmoja baadaye vita vikaanza, na Tanganyika ikatoa wanaume wapatao 87,000, waliopelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma.

Kuisoma kadi iliyo mkononi

Anza na mgongo wake. Mbele kuna picha iliyochorwa ili ikupendeze. Nyuma kuna karibu kila kitu unachohitaji kujua. Tafuta namba ya kadi, jina la mfululizo na jina la kampuni. Kama ni kadi ya Wills, Player's au Ogden's na chini kuna jina la Imperial Tobacco Company, basi imechapwa baada ya 1901, kwa sababu ndipo Wills na Player's zilipoungana chini ya jina hilo, na Ogden's ikaingia mwaka 1902. Kama haina jina la kampuni kabisa, usikate tamaa. British American Tobacco, iliyoundwa mwaka 1902 kwa ajili ya masoko ya nje, ilitoa kadi nyingi zisizo na jina, na kadi iliyokusudiwa nchi za mbali ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa imesafiri hadi huku.

Kitambaa chembamba cha hariri chenye bendera au nembo ya kikosi, badala ya karatasi, mara nyingi ni cha miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Godfrey Phillips walivitoa kwa wingi pamoja na sigara zao za BDV. Mgongo wenye gundi kavu inayong'aa kidogo ni dalili ya katikati au mwisho wa miaka ya 1930, kampuni zilipowauzia watu albamu za bei ndogo za kubandikia. Kadi za Wills za 1938 zinazofundisha raia kujikinga na mabomu ya ndege ni za aina hiyo.

Ukimaliza hapo, rudi kwenye picha na uipe maswali. Nani amesimama mbele na nani yuko nyuma? Nani ana jina na nani ni "mwenyeji" tu? Kuna majeruhi, kuna matope, kuna mtu aliyebeba mzigo? Maelezo ya nyuma yanamsifu nani, na yalichapwa kabla ya vita, wakati wa vita au baada yake? Kadi haikosi kusema ukweli fulani, maana mchoraji alikuwa makini na vifungo na bunduki. Lakini ilikuwa tangazo la sigara, na wakati wa vita ilikuwa pia tangazo la vita. Isome hivyo. Itakueleza vizuri sana mawazo ya walioichapa, na itakueleza machache kuhusu maisha ya askari aliyechorwa.

Halisi au nakala

Mifululizo mingi maarufu imechapwa upya miaka ya karibuni. Wachapaji waaminifu huandika nyuma kwamba ni nakala. Wadanganyifu hukwangua maneno hayo au huchapa zao wenyewe. Vipimo viwili vinaweza kufanyika mjini Kasulu au Kibondo bila gharama.

Cha kwanza ni lenzi ya kukuzia, au kamera ya simu yenye uwezo wa kusogeza picha karibu. Nakala ya kisasa huonyesha vidoti vidogo vya rangi vilivyojipanga kwa utaratibu uleule kila mahali. Kadi nyingi za kale zilichapwa kwa mawe au mabamba, rangi juu ya rangi, na vidoti vyake havina mpango huo. Mahali pengine rangi imetandazwa bila kidoti hata kimoja. Cha pili ni taa ya zambarau ambayo wenye maduka na mawakala wa fedha huitumia kukagulia noti bandia. Karatasi ya kisasa hutiwa dawa ya kuifanya nyeupe, na chini ya taa hiyo hung'aa kwa rangi ya buluu. Karatasi ya kabla ya vita vya pili haing'ai hivyo. Ikiwaka buluu, ni mpya, mwuzaji aseme atakavyo. Isipowaka, hujathibitisha kwamba ni ya kale; umeondoa shaka moja tu.

Uchakavu usikudanganye. Karatasi inaweza kuzeeshwa kwa chai na jua katika mchana mmoja.

Kuitunza katika nyumba ya nyanda za juu

Adui wa karatasi huku ni mvua, mchwa, panya na moshi. Msimu wa mvua ni mrefu, tangu Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, na unyevu huingia hata kwenye nyumba yenye bati zuri. Kadi zenye gundi nyuma ndizo zenye hatari kubwa: zikipangwa moja juu ya nyingine wakati wa mvua, gundi huamka na zote huwa tofali moja. Zikishakuwa hivyo usizibandue kwa nguvu wala kwa kisu. Ziache kama zilivyo hadi zifike kwa mtu mwenye ujuzi.

Kila kadi iwekwe katika bahasha yake ya karatasi nyeupe safi, kisha bahasha zote ndani ya boksi au kopo lenye mfuniko. Vile vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu visitupwe. Viwili au vitatu humo ndani husaidia, mbali na watoto wadogo. Boksi lisikae sakafuni wala kuegemea ukuta wa udongo, kwa sababu ya mchwa, na lisipandishwe darini juu ya jiko. Lifunguliwe na kukaguliwa mara kwa mara, hasa mvua zinapoanza na zinapokwisha.

Naomba jambo moja lizingatiwe kuliko yote katika sehemu hii: usiipeleke kadi, cheti wala picha ya zamani stationery ikafanyiwe lamineshini. Najua tumezoea kufanya hivyo kwa vyeti vya shule. Joto la mashine huunguza rangi za kale, plastiki hushikamana na karatasi milele, na hakuna namna rahisi ya kuitoa. Selotepu, gundi ya dukani, pini za chuma na kalamu ya wino navyo vikae mbali. Ukitaka kuandika kitu, andika kwa penseli juu ya bahasha.

Halafu piga picha kwa simu, mbele na nyuma, kivulini mchana, ukiweka rula pembeni ili vipimo vionekane. Mtumie ndugu mwingine nakala, maana simu huibiwa na nyumba huungua.

Na kadi isitazamwe peke yake. Ndani ya sanduku lilelile huenda mna kitu cha maana zaidi ambacho hakina rangi: cheti cha kuachishwa jeshi, kipande cha kazi cha mzee aliyekwenda manamba mashamba ya mkonge Tanga, barua, stakabadhi ya kodi. Nishani za Vita Kuu ya Pili ambazo Waingereza waliwapa askari wa Afrika Mashariki, kama Burma Star na Africa Star, kwa kawaida hazikuandikwa jina la mtu. Ukiitenganisha nishani na cheti chake, nishani inakuwa chuma kisicho na mwenyewe. Medali za vita vya kwanza mara nyingi zina jina na namba ukingoni, kwa hiyo usizisugue kwa majivu wala brashi ya waya ili zing'ae. Kama itabidi kuchagua, mimi ningeokoa cheti chenye madoa cha babu kabla ya kadi nzuri ya Wills, kwa kuwa kadi hiyo ilichapwa kwa mamilioni na cheti kile ni kimoja tu duniani.

Pesa na matapeli

Mwaka 2022 kadi moja ya sigara yenye picha ya mchezaji wa besiboli wa Marekani, Honus Wagner, iliyotoka kati ya 1909 na 1911, iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Habari za aina hii husafiri haraka, na tapeli huanza nazo. Asichokisema ni kwamba kadi ya Wagner ilisimamishwa mapema, na zilizobaki ni chache mno. Kadi za kijeshi zilitolewa kwa wingi wa kutisha. Nyingi kati ya kadi za kawaida za miaka ya 1930, zikiwa safi, huuzwa Uingereza chini ya pauni 1 kila moja. Yenye mikunjo, madoa au kona zilizoliwa hushuka chini ya hapo. Zipo zenye bei kubwa kidogo, hasa za kabla ya 1900 na za hariri zilizo nzima, lakini ni nadra kukuta ya kumfanya mtu auze ng'ombe.

Katika mikoa yetu kuna pia hadithi za mali ya Mjerumani: rupia zilizofukiwa, alama kwenye mawe, ramani za siri. Watu wamepoteza fedha, na wengine wamechimba makaburi. Picha ya askari wa Kijerumani kwenye kadi si ramani, na namba iliyo nyuma yake ni nafasi yake katika mfululizo, haina hazina nyuma yake. Anayekuomba "fedha ya usajili" au "fedha ya kupima" kabla ya kukununulia kadi ni mwizi. Anayetaka uitume kwanza ndipo akulipe, vivyo hivyo. Mnunuzi wa kweli ataridhika na picha za mbele na nyuma, atataja bei, na atakubali ulinganishe kwa wengine. London Cigarette Card Company, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1927, ni miongoni mwa wauzaji wa muda mrefu, na bei wanazouzia zinaonekana kwenye intaneti. Zitumie kama kipimo, ukikumbuka kwamba mfanyabiashara hununua kwa bei ya chini kuliko anayouzia.

Kuhusu sheria, vitu vya kale vya nchi hii vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kabla ya kupeleka nje ya Tanzania kitu chochote cha zamani kilichotoka katika sanduku la familia, uliza kwanza. Afisa Utamaduni wa halmashauri yako ndiye mlango wa karibu. Yeye atakuelekeza kwa Makumbusho ya Taifa, au kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kama ni karatasi. Kuuliza hakukunyang'anyi kitu. Na ikitokea sandukuni mna risasi, bomu la mkono au kitu usichokitambua cha chuma, usikiguse, usikipige picha kwa karibu. Watoe watoto, waite polisi. Sare kamili ya jeshi nayo isivaliwe wala kuuzwa mnadani; itolewe taarifa polisi.

Kwa walimu

Mwalimu wa historia Heru Juu, Makere au mjini Kibondo hahitaji kumiliki kadi ili kufundisha kwa kadi. Maktaba ya Umma ya New York ina mkusanyiko wa George Arents wa mambo ya tumbaku, na kadi zake nyingi zinatazamwa bure kwenye intaneti. British Museum ya London ilirithi zaidi ya kadi milioni moja za Edward Wharton-Tigar, aliyefariki mwaka 1995. Kadi tano au sita zilizochapwa kwa rangi nyeusi na nyeupe zinatosha kipindi kizima. Wape wanafunzi picha bila maelezo, waandike wanachokiona. Kisha wape maelezo ya nyuma, waeleze nani alilipia picha hiyo ichapwe na alitaka nini kutoka kwa aliyeitazama. Baada ya hapo waambie habari za wapagazi wa 1916 waliotoka katika vilima vyao na vya jirani, na uwaache wao wenyewe waseme nani hakuchorwa.

Kuna tahadhari. Kadi hizi zilibuniwa ziwavute vijana kwenye tumbaku, na bado zinaweza. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia mtoto wa chini ya miaka 18 bidhaa za tumbaku, na mwaka 2007 nchi yetu iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, unaotaka matangazo yake yakomeshwe. Mwalimu aitumie kadi kama mfano wa namna mtoto anavyowindwa na tangazo, na awaambie wanafunzi hivyo waziwazi, hata katika shule ambako ada za wengi zinatokana na msimu wa tumbaku. Watoto hao wanastahili kuambiwa ukweli wa zao linalowasomesha.

Karatasi zitaendelea kuliwa na mchwa mwaka hadi mwaka, lakini wazee wanaojua majina ya waliokwenda vitani wanaondoka haraka zaidi ya karatasi. Kama nyumbani kwenu yupo bado mtu anayemkumbuka babu aliyekuwa keya au aliyebeba mizigo ya Mbelgiji, kaa naye wiki hii ukiwa na daftari na simu ya kurekodia. Andika jina kamili, kijiji, kikosi kama kinajulikana, mahali alikopelekwa, na kama alirudi au hakurudi. Nakala moja ibaki katika familia, nyingine mpelekee Afisa Utamaduni wa wilaya.